Muhali Una Nauli Yake

Mtu akifa shamba Pemba saa tatu asubuhi, kabla adhuhuri haijaadhiniwa sanda imeshapatikana, kaburi limeshaanza kuchimbwa, na pana mzee kavua kofia yake anapita nayo kwa waliokaa chini ya mwembe. Hapana anayeuliza marehemu alikuwa mwema au mkorofi. Hapana fomu ya kujaza. Mwenye elfu tano anatia elfu tano, mwenye mia mbili anatia mia mbili, asiyekuwa na kitu anakwenda kutafuta kiunza au kuchota maji. Alasiri watu wameshazika na wanawake wameshapika. Nimeikuta hali hii toka utotoni na hadi leo inanistaajabisha: watu hawa hawa ambao katika kila ripoti huitwa wasio na uwezo wanakamilisha fedha, usafiri, chakula na kazi ya mikono ndani ya saa sita, bila ya andiko la mradi.

Sasa mchukulie mwanamke wa shehia hiyo hiyo, yaani eneo dogo kabisa la utawala kwetu, aliyetoka kwake usiku na mtoto begani, jicho limemvimba, kanga moja kichwani na nyengine kiunoni. Huyu hajafa, kwa hivyo kofia haipiti.

Kwa miaka mingi tumejipa jibu jepesi la kwa nini mwanamke huyu, ikifika siku ya nne au ya tano, anarudi alikotoka, na kesi yake, kama iliwahi kufunguliwa, inakufa. Jibu lenyewe ni neno moja: muhali. Wenzetu wa Bara hawana neno la kulilinganisha nalo sawasawa. Ni ile hali ya kushindwa kumkatalia mtu au kumshitaki kwa sababu ni ndugu, ni jirani, au kesho mtakutana msikitini na kisimani. Muhali umetajwa katika hotuba za viongozi, katika vipindi vya redio, katika khutba, katika mabango. Umetajwa mpaka umekuwa kama ugonjwa wa kurithi, kitu tulichozaliwa nacho Waunguja na Wapemba na ambacho dawa yake ni kuelimishwa, na kuelimishwa tena.

Muhali upo, siukatai. Mimi mwenyewe nimeshanyamaza pahala ambapo ilikuwa niseme. Lakini kila nikizitazama hesabu za mwanamke aliyetoka kwake usiku, naona kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa muhali ni nauli. Na nauli huchangwa.

Tuzifanye hesabu hizo. Usiku wa kwanza anahitaji pa kulala. Akienda kwa kaka yake, kuna wifi na chumba kimoja chenye watoto wanne. Asubuhi watoto wanataka chai. Halafu aende kwa sheha, mkuu wa shehia, aende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, aende hospitali. Zanzibar tuliona mapema kwamba mzunguko huu unamchosha mtu, ndiyo maana mwaka 2011 kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, na baadae vyengine, kikiwemo cha Chake Chake: daktari, polisi na mshauri wote katika pahala pamoja. Ni fikra nzuri kabisa. Lakini maana yake khasa ni kwamba aliyeibuni alikwishajua kuwa kutoka ofisi moja hadi nyengine kunagharimu. Kituo kimeziondoa hatua za katikati. Hatua ya mwanzo, ile ya kutoka kijijini hadi mlangoni mwa kituo, imebaki kwa mwanamke mwenyewe.

Na hatua hiyo si sawa kwa kila mtu. Mwanamke wa Gombani atakwenda hata kwa miguu. Wa Micheweni atatafuta gari. Wa Kojani, wa Fundo, wa Makoongwe au wa Kisiwa Panza nauli yake ya mwanzo ni ya chombo cha baharini, na hapo hata fedha haitoshi, kwa sababu nahodha wa chombo hicho huenda ni mwenziwe mumewe katika uvuvi, au ni mjomba wa mumewe, au ni mtu tu anayemjua. Kabla hajafika ng'ambo, habari imeshafika nyumbani. Tunaozungumza habari za kuripoti tukiwa Unguja mjini tungefaa kwanza kukaa gatini Kojani asubuhi moja na kumuona nani anapanda na nani anamtazama.

Tuchukulie kafika, na kesi imefunguliwa. Tangu 2021 tuna mahkama maalum za kesi za udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia, na hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kabla ya hapo kesi hizi zilikuwa zikisubiri foleni moja na za wizi wa mbuzi. Lakini mahkama iwe maalum au ya kawaida, ina tarehe, na tarehe huahirishwa. Shahidi mmoja hakufika, wakili anaumwa, jalada halijarudi. Kila tarehe ni nauli ya kwenda na kurudi, yake na ya mama yake aliyeshuhudia na ya jirani aliyesikia kelele, na ni siku nzima bila ya kazi. Kwa mkulima wa mwani hasara ni zaidi ya siku. Mwani hauendewi kila siku. Unangoja bamvu, maji yakupwe vya kutosha mtu aweze kuzifikia kamba zake, na bamvu huja kila baada ya wiki mbili hivi. Tarehe ya kesi ikiangukia kwenye bamvu, aliyekwenda Wete kutoa ushahidi karudi na kuikuta kazi ya nusu mwezi imemponyoka. Na wengi mno wa wanaolima mwani visiwani hapa ni wanawake. Sijui kama yupo hakimu anayepanga tarehe na kalenda ya maji mkononi, ila ningemshukuru.

Wakati huo huo, upande wa pili haujalala. Wazee wa mume wanakuja na maneno mazuri. Wanakuja na fedha ya matibabu, na ahadi ya nafaka, yaani matumizi anayopewa mke na mume, ya mwezi, pengine na doti ya kanga. Wanasema yaishe. Sulhu inalipa taslimu, mahkama inalipa kwa ahadi. Mwanamke aliyekaa siku tano kwa wifi yake, mtoto anakohoa, deni dukani limefika elfu arubaini, anasikia ahadi mbili na kuichukua ile yenye fedha mkononi. Akirudi kwake, sisi tunasema: ah, muhali! Hata ningekuwa mimi, na nimesoma, na nina mshahara, sina hakika ningechagua vyengine.

Kuna mlango mwengine, wa kadhi. Mke anayedhurika anaweza kudai kufasikhiwa ndoa, yaani kadhi aivunje, lakini dhara lazima ithibitishwe, na kuthibitisha kunarudi pale pale kwenye mashahidi na nauli zao. Asiyeweza kuthibitisha, au asiyetaka kuitandaza siri yake mbele ya watu, hukimbilia khului: anarejesha mahari, au anatoa kiasi watakachokubaliana, ili aachwe. Yaani aliyepigwa ndiye anayelipa. Nimesikia zaidi ya mara moja mwanamke akisema kwamba alivuna mwani misimu miwili ili ajinunue. Neno alilotumia ni hilo, kujinunua, na hakulisema kwa kutafuta huruma. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya bati.

Sasa tuitazame fedha inayokusanywa kwa jina la wanawake hawa, maana ipo. Kila mwaka kuanzia Novemba 25 hadi Disemba 10 tunakuwa na siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Fulana zinachapwa. Mabango yanatundikwa. Pana matembezi, pana brasbendi, pana mgeni rasmi. Pana ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa. Nami fulana hizo ninazo tatu, na moja ndiyo ninayolalia. Sisemi kampeni hizi hazina maana; mtu wa umri wangu anakumbuka wakati ambapo mambo haya hayakutajwa redioni kabisa, na kuyataja kumesaidia. Lakini mwaka una siku 365, na siku 349 zinazobaki hazina brasbendi.

Kuna kichekesho kimoja ambacho waliohudhuria semina wote wanakijua. Mwisho wa semina ya kupinga udhalilishaji inakuja karatasi, unatia saini, unapewa nauli. Mimi nimeshaitia saini karatasi hiyo. Nimetoka mtaani kwangu, nimekwenda kusikiliza jinsi ukosefu wa ushahidi unavyoua kesi, nimekunywa soda, nikapewa nauli ya kurudi. Shahidi mwenyewe wa kesi yenyewe, pengine siku hiyo hiyo, alikuwa kituo cha gari akihesabu shilingi zake. Mfumo wa kulipa nauli kwa haraka, mkono kwa mkono, kwa saini moja tu, tunao tayari. Umeelekezwa kwa wasikilizaji.

Sababu yake si uovu wa mtu. Aliyeko ng'ambo na fedha zake anataka aoneshwe kitu, na semina inaoneka: watu 60, picha, orodha ya saini, risiti ya ukumbi. Nauli ya mwanamke aliyekimbia usiku haipigiki picha, na ikipigiwa picha imeshamharibia. Kwa hiyo andiko la mradi linafuata kinachooneka. Na mradi una mwisho. Miaka mitatu ikipita, ofisi inafungwa, gari inarudishwa, namba ya simu iliyobandikwa ukutani haipokelewi, na bango linabaki likipauka jua. Mwaka 2025 tuliliona hili kwa ukubwa wake. Januari 20 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limekwisha kazi yake, na mashirika mengi ya Afrika yaliyoegemea huko yakabaki yanaulizana. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakutuambia la kufanya siku mwenye fimbo akiamua kuirudisha kwake, lakini nadhani walitarajia tungejua.

Ndipo ninaporudi kwenye ile kofia ya chini ya mwembe.

Zanzibar ina shehia 388. Kwa sensa ya 2022 tuko watu 1,889,773, kwa hiyo shehia moja ina wastani wa watu karibu 4,900. Nifanye hesabu ya kitoto, mtaniwia radhi. Katika kila shehia watu 500 tu watoe shilingi 100 kwa mwezi, bei ya andazi. Hizo ni shilingi 50,000 kwa shehia, 19,400,000 kwa visiwa vyote, 232,800,000 kwa mwaka. Si fedha ya kujengea jumba wala ya kulipia ukumbi wenye viyoyozi. Lakini elfu hamsini katika shehia, ikiwa tayari ndani ya kisanduku kabla ya tukio, inamtoa mwanamke na watoto wake usiku kwa gari ya kukodi, inawalisha siku kadhaa na inawapeleka mashahidi wawili Wete. Siku zile tano za kwanza, ambazo mume na wazee wake wanazitegemea, zinabadilika.

Utasema Wazanzibari hawatoi. Wanatoa kupita kiasi, ila wanatoa pahala wanapoona maana. Nenda kwenye taarab, mtazame mwanamke anavyoinuka na noti vidoleni, anapita kwa madaha mpaka kwa muimbaji, anatunza, kwa sababu tu ubeti ule umemgusa mtu wake. Nenda kwenye harusi uhesabu sare. Ilipozama MV Spice Islander usiku wa Septemba 10, 2011, nani alingoja kuombwa? Tatizo kwetu ni kwamba kipigo cha nyumbani hatujakihisabu katika mambo ya kuchangiwa. Maiti, ajali, ugonjwa, moto: haya ni misiba. Kipigo ni siri ya watu wawili. Na mtu hachangii siri ya watu.

Hapa dini inaweza kufanya kazi ambayo semina haiwezi. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imeyataja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na aliyepita chuoni anayajua: mafukara na masikini mwanzo, na wenye madeni wamo. Mwanamke tunayemzungumza mara nyingi yumo katika kundi moja au mawili. Lakini fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi wetu, ina neno hapa ambalo watoaji zaka wanalijua hata kama hawalitaji: kauli yenye nguvu ni kwamba mke anayetoshelezwa na nafaka ya mumewe hahisabiwi fukara. Basi tajiri wa kijiji akiletewa habari ya mwanamke huyu, anatazama: mume anaye, mume ana chombo na ng'ombe wawili, huyu hastahiki. Anampa mjane. Mjane naye anastahiki, hapana ugomvi.

Ila sharti la kauli ile limo ndani yake: *anayetoshelezwa*. Aliyekimbia kipigo hatoshelezwi na mtu. Atatokea wa kusema kwamba huyo ni nashiza, mke aliyemuasi mumewe, katoka bila ya ruhusa, nafaka yake imeanguka. Na hapa ningependa sana kuwasikia masheikh wetu wakisema kwa sauti ile ile wanayosemea mambo ya mwezi kuandama: mtu aliyetoka kuokoa roho yake ni nashiza? Imepokewa kwa Bi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Khutba moja yenye jibu la suali hilo ingeiingiza fedha nyingi zaidi katika mifuko ya wanawake hawa kuliko mabango ya miaka kumi, kwa sababu fedha yenyewe ipo tayari, hutolewa kila Ramadhani, na inatafuta pa kwenda.

Hata zaka ikiwa na utata, sadaka haina, wala wakfu. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa sheria ya 2007 kusimamia mambo haya. Wazee wetu waliweka wakfu kwa msikiti, kwa kisima, kwa masikini. Nani amekataza mtu mwenye nyumba mbili za kukodisha aiweke moja iwe kodi yake inakwenda kwa wanawake waliotoka kwao kwa kipigo? Jambo hili si geni katika Uislamu wala halikuletwa na Wazungu. Mwaka 1285, mjini Cairo, Tadhkarbay Khatun, binti wa Sultani Baybars, alimjengea mwanamke mcha Mungu, Bibi Zaynab al-Baghdadiyya, ribati, yaani nyumba ya kukaa wacha Mungu. Mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza kwamba waliokuwa wakikaa humo ni wanawake walioachwa au kutelekezwa na waume zao, mpaka waolewe tena au warejee kwa waume zao. Nidhamu yake, kwa anavyoieleza, ilikuwa kali mno kwa tabia za leo. Lakini zaidi ya miaka 700 iliyopita Waislamu walikwishaona kwamba mwanamke aliyetoka kwake anahitaji pahala pa kulala kabla ya kuhitaji nasaha, na wakapatafutia fedha za kudumu.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kofia ya wananchi. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea pencheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka hazina yake yenyewe. Wakati ule palikuwa na waliosema haiwezekani, nchi ni ndogo. Ikawezekana. Kwa hiyo tunajua kulipa fedha kidogo kwa watu wengi bila ya kungoja mtu wa nje. Wanawake ninaowasema ni wachache mno wakilinganishwa na wazee wa nchi nzima, na kila mmoja wao angehitaji msaada kwa wiki au miezi, si kwa umri wake uliobaki. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 na tuna wasaidizi wa sheria mashehiani. Kumpa mtu wa kumuelekeza njia bila ya nauli ya kupitia njia hiyo ni kazi nusu.

Nani ashike fedha za shehia? Nisingempa sheha, na simaanishi kwamba masheha si waaminifu. Sheha ni mtu wa watu wote, pamoja na mume. Kila siku anapokea wageni barazani, na mwanamke akionekana anatoka kwake asubuhi basi hadithi imeshaandikwa. Ningevipa vikundi vya hisa vya wanawake, vile vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu vipo karibu kila kijiji na vimeshatatua tatizo la kuaminiana ambalo mashirika makubwa hulitatua kwa wakaguzi. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne. Fedha zinahesabiwa chini, mbele ya wote, sarafu kwa sarafu. Na pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, wa kusaidiana kwa maradhi na misiba. Madaftari niliyowahi kuoneshwa yanataja kuuguliwa, kufiwa, kujifungua. Kipigo sijakiona kimetajwa. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza.

Kuna hatari moja ambayo wachangishaji wa mjini hawaioni, nayo ni ya simu. Siku hizi kila mchango unakwenda kwa simu, na ni rahisi kusema tumtumie fedha moja kwa moja. Wapo wanawake shamba wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mume. Wapo ambao simu ya nyumba ni moja, na inakaa mfukoni mwa mume. Ujumbe wa "umepokea shilingi 30,000" ukiingia hapo, umempatia mwanamke kipigo cha pili na umemlipa aliyempiga. Fedha ya namna hii ipite mkononi mwa mwanamke mwenziwe.

Na hatari ya pili ni ya picha. Kisiwa ni kidogo. Wachangishaji wanaofikiri wameficha jina wanaandika: mama wa watoto watatu, miaka 27, wa shehia fulani, mume mvuvi. Pemba nzima imeshamjua. Wakimpiga picha ya mgongo, kanga yake inatambulika. Tunajuana kwa kanga kuliko kwa sura. Mchango wa kweli ungetangaza hesabu peke yake: mwezi huu zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, safari ngapi, mashahidi wangapi. Mtoaji asiyeridhika bila ya kuona uso uliovimba, basi hakuwa anatoa kwa ajili yake huyo.

Wapo watakaosema wanawake watajisingizia kupigwa wapate fedha. Kwa elfu thelathini mtu ajivimbishe jicho? Hata mchango wa maiti una walaghai wake, na hatujaacha kuzika. Wengine watasema tunavunja nyumba za watu. Hao nawasikiliza zaidi, kwa sababu hofu yao ni ya kweli. Qur'ani yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 35, imeamrisha hakamu kutoka kwa watu wa mume na hakamu kutoka kwa watu wa mke. Ni upatanishi wenye pande mbili zilizosimama. Kikao tunachokifanya sisi mara nyingi kina upande mmoja ulioshiba na mwengine una njaa, deni na mtoto mgonjwa. Akisema "nimesamehe" hapo, hakamu gani atajua kama kasamehe au kachoka? Mwenye nauli mfukoni anaweza kusamehe vile vile, na wengi watasamehe, lakini itajulikana kwamba kasamehe.

Nilimueleza shangazi yangu hoja hii, naye ni mtu wa hisa tangu vikundi hivi vinaanza kwao. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nikamwambia muuite Mfuko wa Wahanga wa Udhalilishaji.

"Mwanangu, jina hilo hulitumii," akasema. "Ukiandika hivyo, nani atakuja kuchukua? Andika Mfuko wa Safari."

"Safari ya wapi, shangazi?"

"Ya popote. Kwani mtu akipanda gari ya Chake huulizwa anafuata nini?"

Wiki iliyofuata waliliingiza jambo hilo katika kikao chao. Wako 25, wakakubaliana shilingi 500 kila mmoja kwa kuanzia, na hilo halikuchukua hata dakika tano. Kilichowaweka mpaka karibu na magharibi, aliniambia, ilikuwa ni kumchagua dereva wa kuitwa usiku: wawili walikataliwa kwa sababu ya udugu, mmoja kwa sababu ya mdomo wake, na wa nne wamemkubali kwa sharti kwamba asiambiwe kwa nini.